Homa ya Siku ya Kumi: Kisa cha Mwanafunzi wa Tabora na Matibabu ya Uingereza

Ujumbe wa sauti alionitumia Ijumaa ile usiku ulikuwa wa sekunde 40. Alianza kwa kuomba radhi. "Shikamoo dada. Samahani kukusumbua usiku huu. Naumwa kidogo, ila si sana." Halafu akanyamaza, na katika ukimya ule nikayasikia meno yake yakigongana.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uzamivu katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale kuliko wenzangu, wanafunzi wapya kutoka nyumbani walipewa namba yangu. Huyu alikuwa amefika siku 13 kabla, Septemba 2024, kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Nimemwomba ruhusa ya kukiandika kisa chake, akakubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nakiandika kwa sababu kila mwezi wa tisa ndege zinashusha vijana wengine kama yeye, na yaliyompata hayakutokana na uzembe. Ni mtu makini. Alilipa kila alichoambiwa alipe na kujaza kila fomu aliyopewa, na bado ilibaki kidogo tumpoteze.

Kabla ya kuondoka alipima kifua kikuu Dar es Salaam, kwa kuwa mtu anayetoka Tanzania kwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 hapati viza bila cheti hicho. Alilipa pia ile ada ya afya inayokwenda pamoja na maombi ya viza, ambayo wengi tunaiita IHS. Ilipoanza mwaka 2015 mwanafunzi alilipa pauni 150 kwa mwaka. Tangu Februari 2024 ni pauni 776. Na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa mwanzoni na mwishoni, yeye alihesabiwa mwaka na nusu: pauni 1,164. Baba yake aliuza ng'ombe watatu kuitimiza. Nawataja ng'ombe hao kwa sababu ndio wanaoeleza imani aliyoshuka nayo kwenye ndege, kwamba matibabu yake yameshalipiwa.

Yalikuwa yamelipiwa kweli. Alichokosa ni daktari. Nyumbani ukilipia bima unapewa kadi. Unaipeleka dirishani, faili linafunguliwa, unapimwa presha, unamwona daktari, unakwenda maabara, unarudi na majibu, unachukua dawa. Utapanga foleni tangu alfajiri, lakini yote yanaisha siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo. England hakuna kadi ya namna hiyo; kadi aliyopewa yeye ilikuwa ya ukaazi. Ile ada inakupa haki ya kutibiwa na NHS, huduma ya afya ya taifa, lakini ni wewe wa kutafuta kituo cha GP, yaani daktari wa mtaa, kinachohudumia eneo unaloishi, ukajaza fomu na kuandikishwa. Kuandikishwa ni bure. Tena kituo hakipaswi kukukatalia eti huna kitambulisho au barua ya kuthibitisha anwani. Wakikuomba na huna, waambie huna, na bado wakuandikishe. Ukishaingia kwenye daftari lao ndipo unapokuwa na mtu wa kumpigia simu ukiumwa.

Chuo kilimtumia barua pepe ya kumhimiza afanye hivyo. Ilifika katika wiki ambayo alipokea barua pepe zaidi ya 60. Aliifungua, akaliona neno la kujisajili, akadhani ni usajili wa masomo aliokwisha kuumaliza juzi yake, akaifunga.

Siku nne

Homa ilianza jioni ya Jumanne, tarehe 24, siku ya 10 tangu atue. Viungo vikamuuma, kichwa kikamgonga, chakula kikamshinda. Jikoni, katika nyumba ya wanafunzi sita, karibu wote walikuwa wakikohoa. Kila chuo kinapofunguliwa mafua huvuma kwenye mabweni, maana watu wa kila pembe ya dunia wamejazana pamoja kwa wiki moja, na wenyeji wamezoea hata kuyapa jina. Wakamwambia ni hayo hayo, atapona. Yeye hakuwa akikohoa, wala kamasi hazikumtoka. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama ni jambo la kusema.

Jumatano akaenda duka la dawa. Hapa nataka nikae kidogo.

Moyoni alikwisha kuihisi malaria. Mtoto wa Tabora anaijua inavyoingia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza mikoa yote kwa malaria ya watoto wadogo, na yeye kabla ya safari alikwenda kijijini kumuaga bibi yake, akalala huko hadi siku nne kabla ya kuruka. Neti iliyokuwepo aliwaachia wadogo zake. Kwa hiyo alipofika kaunta alisema kile ambacho angekisema Tabora mjini: "Naomba ALu."

Kwetu neno hilo linatosha. Muuzaji anajua ni dawa ya mseto, vidonge 24, siku tatu, na pengine atakuuliza kama umepima. Mfamasia yule alimwomba arudie. Akarudia. Akapewa karatasi aandike, akaandika zile herufi tatu. Mfamasia akazitafuta kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne wanasubiri. Aliniambia baadaye: "Dada, niliona aibu. Nikasema basi, nipe ya mafua."

Akapewa ya mafua.

ALu ni ufupisho wa kwetu. England dawa hiyo hujulikana kwa jina la kibiashara au kwa majina ya viambato vyake viwili, artemether na lumefantrine, na haiuzwi bila cheti cha daktari. Kwa hiyo hata kama mfamasia angeelewa, asingempa. Lakini neno malaria lingetosha kumfanya amuulize ametoka wapi na lini, kisha amwambie aende hospitali moja kwa moja. Neno hilo halikutamkwa kabisa pale kaunta. Yeye alikuwa amezoea kutaja dawa na ugonjwa ueleweke, na mwenzake alikuwa na jina la dawa asiyoijua.

Halafu kuna neno homa lenyewe. Kwa Kiswahili homa ni joto la mwili, na katika mikoa yetu mingi mtu akisema "nina homa" wasikilizaji wanawaza malaria kabla hajamaliza sentensi. Alipolipeleka kwenye Kiingereza alichukua neno alilolisikia jikoni kwa wenzake, lile la mafua. Tangu hapo, kila mlango alioubisha aliubisha kwa jina la ugonjwa mwingine.

Alhamisi akaamka na nafuu. Homa ya malaria hupanda na kushuka, na parasetamoli nayo huishusha. Akaenda darasani, akajiona mjinga kwa kuogopa. Usiku ikarudi, safari hii na kutapika.

Ijumaa saa 2 kamili asubuhi alipiga simu kituo cha GP kilicho mtaa wa pili. Saa 2 ndiyo saa ambayo vituo vingi hufungua simu, na wagonjwa wote hupiga kwa mpigo. Alisubiri dakika 35. Alipopokelewa akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, jina lake likatafutwa, halikuwemo. Mhudumu wa mapokezi akamweleza kwa upole ajaze fomu mtandaoni, itachukua siku kadhaa, na hali ikiwa mbaya apige 111, namba ya NHS ya ushauri wa haraka wa afya. Yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Alisikia kwamba hayumo.

Kanuni zinakitaka kituo kimhudumie hata mtu asiyeandikishwa endapo anahitaji tiba ya haraka isiyoweza kungoja. Lakini mhudumu yule angejuaje? Alichoambiwa ni mafua makali, na kwa mafua makali mtu hupewa ushauri wa kulala, kunywa maji na kuvumilia. Simlaumu sana. Namlaumu zaidi yule aliyetunga utaratibu ambao swali la kwanza kwa mgonjwa ni tarehe yake ya kuzaliwa.

Sentensi tatu kwenye karatasi

Nilipompigia usiku ule sikumuuliza anaumwa nini. Nilimuuliza, "Mdogo wangu, kabla ya kuja huku ulikuwa wapi?"

"Kwa bibi. Kijijini."

"Ulilala kwenye neti?"

Hakujibu.

Mimi si daktari, nasomea udongo. Lakini mtu aliyetoka kwetu akipata homa ndani ya wiki zake za mwanzo, maswali ni hayo, na ni maswali ya usiku huo huo. Nilimwambia achukue karatasi aandike kwa Kiingereza: nina homa siku ya nne, nimetoka Tanzania, sehemu yenye malaria, siku 13 zilizopita, sijapimwa malaria. Nikamwambia asiongeze kitu wala asiombe radhi, na kwamba kila atakayemkuta mbele yake, amsomee hiyo kwanza.

Tukapiga 111 pamoja, simu ya watu watatu. Namba hiyo ni bure, usiku na mchana, na anayetaka mkalimani anaweza kumwomba. Kiingereza chake ni kizuri, amefaulu mitihani yote waliyompa, lakini mtu mwenye joto la digrii 39 hupotewa na maneno hata ya lugha ya mama yake. Anayepokea simu huwa si daktari. Ana maswali kwenye skrini na anayafuata moja baada ya jingine. Kijana wetu akasoma karatasi yake. Maswali yakabadilika pale pale. Dakika chache baadaye tukaambiwa aende idara ya dharura ya hospitali sasa hivi, asingoje asubuhi. Nilimkuta huko, amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti jipya limefungwa mpaka kidevuni, karatasi mkononi.

Idara za dharura za England zina lengo la kumalizana na mgonjwa ndani ya saa nne tangu afike, na ni miaka mingi sasa tangu lengo hilo litimizwe kitaifa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nesi wa kupanga wagonjwa alipomwita, alisoma karatasi, akaisoma mara ya pili, akauliza, "Tanzania sehemu gani?" Ndani ya dakika 20 damu ilikuwa imeshachukuliwa. Miongozo ya madaktari kule inasema homa kwa mtu aliyetoka ukanda wa malaria ihesabiwe malaria mpaka vipimo vikatae. Damu itazamwe siku hiyo hiyo, na isipoonekana kitu irudiwe, hadi mara tatu, kabla ya kusema hana. Utaratibu huo ulikuwepo tangu Jumanne. Ulikuwa unasubiri neno moja.

Saa 8 usiku daktari akaja na majibu. Falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, asilimia 1.8. Kijana akanigeukia: "Dada, hiyo ni wadudu wangapi?" Nyumbani tumezoea kuambiwa una wadudu wawili, una wadudu watatu. Huku wanahesabu kati ya chembe nyekundu za damu mia moja ni ngapi zina vimelea ndani yake. Ikizidi 2 wanamwangalia mgonjwa kwa hofu zaidi. Ikizidi 10 ni malaria kali moja kwa moja. Yake ilikuwa imebakiza kidogo kuufikia mstari wa kwanza, na falciparum haihitaji siku nyingi kuongezeka. Aliponitumia ule ujumbe wa sauti alikuwa amepanga kulala mwisho wa wiki nzima na kuona Jumatatu itakuwaje.

Wakamlaza. Mnamo saa 9 nesi akaja na kikombe kidogo cha plastiki chenye vidonge vinne vya njano, na paketi ya maziwa. Akamwambia anywe maziwa hayo pamoja na dawa, maana haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijana akavitazama vile vidonge kwenye kiganja, akavigeuza kimoja kwa kidole. Ilikuwa mseto. Dawa ile ile aliyoiomba Jumatano, akaondoka kaunta bila kuipata. Alilia, na nesi akadhani ana maumivu.

Jumamosi asubuhi alikuja mama mmoja mwenye faili, akavuta pazia, akataka kujua uraia wake na aina ya viza yake. Huo ndio wakati pekee niliomwona akiogopa kuliko alivyouogopa ugonjwa. Akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Watanirudisha?" Nililieleza taratibu, na ningependa kila anayesafiri alijue kabla hajalala kwenye kitanda cha hospitali. Huduma ya idara ya dharura England ni bure kwa yeyote. Kulazwa ndiko kunakolipiwa na wageni wa kupita, ndiyo maana hospitali huwa na watumishi wa kukagua nani ni nani. Aliyelipa IHS halipi. Na kwa malaria hata asiyelipa IHS hadaiwi, kwa kuwa malaria imo katika orodha ya magonjwa ya kuambukiza, pamoja na kifua kikuu na VVU, ambayo mtu yeyote hupimwa na kutibiwa bure bila kujali hati zake. Hospitali inawajibika kuiarifu mamlaka ya afya kwamba imepata mgonjwa wa malaria, lakini hilo ni kwa ajili ya kuufuatilia ugonjwa. Yule mama aliiona kadi ya ukaazi, akaandika, akamtakia afya njema. Zilipita dakika tatu. Ankara haikuja kamwe.

Jumapili jioni aliruhusiwa akiwa na dozi mbili za kumalizia nyumbani.

Lawama ninayotaka kuiweka mahali pake

Wengine nikiwasimulia husema daktari wa Uingereza haijui malaria. Si kweli, na kisa hiki kinaonesha kinyume chake: aliyeambiwa alijua la kufanya. Lakini ni ugonjwa anaouona mara chache mno. Mwaka 2023 England, Wales na Ireland ya Kaskazini kwa pamoja zilipata wagonjwa 2,004 wa malaria, wote wakiwa wameitoa nje, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuvuka 2,000 tangu 2001. Wagawe hao kwenye nchi yenye mamilioni ya watu na maduka ya dawa kila mtaa. Mfamasia anaweza kumaliza miaka bila kumwona hata mmoja. Huwezi kumngoja aliwaze mwenyewe.

Sisi tuliokuwa huko ndio tuliotakiwa kusema, na hatukusema. Wiki moja kabla ya Ijumaa ile tulikuwa tumewafanyia wageni wetu pilau. Tuliwaonesha duka la unga wa sembe, tukawaambia koti gani linafaa, laini ipi ya simu ina bando rahisi, namna ya kutuma fedha nyumbani. Kijana huyu alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Kuhusu GP hakuna aliyetamka chochote, mimi nikiwa wa kwanza kukaa kimya, niliyejisajili miaka mitatu iliyopita na kusahau kwamba kuna siku sikujua.

Mwaka uliofuata tulibadilisha mpangilio. Sufuria zinabaki zimefunikwa mpaka kila mgeni awe ametoa simu, ameingiza anwani yake, amejaza fomu ya kituo na kuituma. Inachukua kama robo saa. Halafu tunawauliza mmoja mmoja, kwa sauti, wiki zao za mwisho nyumbani walilala wapi. Mwaka huo wawili walitoka Mtwara na mmoja Kigoma, tukawaandikia kabisa zile sentensi tatu wakazihifadhi kwenye simu.

Lipo jingine linalowahusu wanaorudi nyumbani Desemba kusalimia. Kinga aliyojijengea mtu aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa mbali nayo. Aliyezaliwa Tabora akaishi England miaka mitatu arudi akijihesabu kama mgeni: neti kila usiku, na dawa za kinga alizozizungumza na mfamasia kabla ya kupanda ndege. Hizo NHS kwa kawaida haizilipii, unazinunua mwenyewe. Dawa za kawaida anazoandika GP, England ni pauni 9.90 kwa kila dawa. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini hazilipiwi.

Jumapili ile, tukingoja basi nje ya hospitali, alimpigia bibi. Nilimsikia bibi akiuliza mbona sauti imekauka. "Ni baridi, bibi," akasema. "Baridi ya huku ni kali." Wakaagana. Akakaa na simu mkononi, basi la kwanza likapita bila sisi kulisimamisha. Kisha akapiga tena.

"Bibi, ilikuwa malaria. Nadhani nilitoka nayo huko. Wadogo zangu wanalala kwenye neti?"

Bibi akasema ndiyo, wanalala. Halafu akasema ina matundu mawili, upande wa miguuni.